Mgongo wa Royal Crescent

Picha nyingi za Royal Crescent, mjini Bath, Uingereza, hupigwa kutoka kwenye uwanja wa majani ulio mbele yake. Nyumba 30 zimeungana katika upinde mmoja, nguzo zimefuatana bila kukatika, na mgeni anaweza kudhani ni kasri la mtu mmoja. Msanifu John Wood Mdogo alianza kuijenga mwaka 1767, lakini yeye alichora uso wa mbele tu. Kila mnunuzi alichukua kipande chake, akatafuta msanifu wake, akajenga vyumba alivyopenda. Ukizunguka nyuma unakuta mapaa ya vimo mbalimbali, kuta zinazoingia na kutoka, madirisha yasiyolingana.

Kwangu mimi, utamu wa nyumba hizi uko huko nyuma. Mbele, kwenye njia ya wote, watu walikubaliana. Ndani kila mmoja akaishi kwa namna yake.

Nalisema hili kwa sababu uhifadhi wa nyumba kama hizi, za enzi ya akina Mfalme George wa Uingereza (1714–1830), mara nyingine huishia kwenye ukuta wa mbele. Ndani hubomolewa zikatiwa ofisi, uso ukaachwa umesimama. Napinga kabisa. Uso ule huwezi kuuelewa bila vyumba vyake. Madirisha ya ghorofa ya kwanza ni marefu kwa sababu ndiko wageni walikopokelewa. Hupungua kadiri unavyopanda, hadi yale madogo ya juu kabisa, walikolala watumishi. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara, na makaa ya mawe yalimiminwa stoo kupitia tundu kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hata ule unyoofu wa nyumba za London tunaousifu umetokana na hofu ya moto: sheria ya 1774 iligawa nyumba katika madaraja, ikapanga unene wa kuta, ikaamuru fremu za madirisha zifichwe nyuma ya matofali.

Kazi ya uhifadhi ninayoipenda ni ya nyumba namba 14 Henrietta Street, Dublin, Ireland. Nyumba hii ilijengwa miaka ya 1740 kwa familia za kitajiri. Kufikia 1911 waliishi humo watu 100, vyumba vimekatwakatwa na kupangishwa kwa maskini. Walioigeuza makumbusho hawakuirudisha yote kwenye fahari ya mwanzo. Waliacha pia rangi na karatasi za ukutani za wapangaji. Wangeokoa uso peke yake, habari za wale watu 100 zingepotea, maana kwa mbele hakuna kinachoonyesha kwamba waliwahi kuishi pale.