Foleni hewa: tuwalaumu madereva au barabara?

Sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tukikuta foleni tunatafuta mchawi fasta, lori limeharibika, trafiki kasimamisha magari, au kuna mtu kachomekea. Ila kuna zile foleni ukifika mbele unakuta hamna kitu, njia nyeupe kabisa, unabaki kujiuliza sasa tulikuwa tunasubiri nini. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, walitoa modeli ya kompyuta inayoelezea foleni hewa kama hizo na mi naikubali sana, lakini sio kwa kila barabara.

Modeli yenyewe nyepesi. Barabara inakatwa vipande vya mita 7.5, kila kipande kina gari moja au kiko wazi. Kila sekunde gari linaongeza mwendo kidogo kama halijafika ukomo, linapunguza kama la mbele liko karibu, halafu inakuja bahati nasibu, yani kuna uwezekano fulani dereva apunguze mwendo bila sababu yoyote, ndo gari linasogea. Utamu wote uko hapo kwenye bahati nasibu. Ukiitoa, magari yanajipanga na foleni ya kujizukia haitokei. Ukiirudisha na magari yakiwa mengi, mmoja anasita kidogo, wa nyuma yake anashika breki zaidi, wa nyuma zaidi anasimama kabisa, na foleni inakuwa inarudi nyuma wakati magari yenyewe yanaenda mbele. Na sio mambo ya kompyuta tu, mwaka 2008 Yuki Sugiyama na wenzake kule Japani walichapisha jaribio la magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende kama kilomita 30 kwa saa, hamna tuta, hamna taa, na bado baada ya muda wakaanza kusimama na kuondoka.

Kwangu hili linabadilisha kabisa suala la lawama. Anayesita sio lazima awe mzembe, ni binadamu, kaangalia kioo, kabadili gia, kachoka. Faini ya trafiki haiondoi hiyo hata uandike risiti kutwa nzima.

Sasa wanaobisha nao wana hoja nzito tu. Njoo msimu wa korosho barabara ya kutoka Masasi, malori yanashuka na mzigo kwenda bandari ya Mtwara, lori limejaa linapanda kilima taratibu na nyuma yake msururu hauwezi kuovateki, pale nani kasita? Hakuna, injini imeelemewa na njia ni moja. Mjini nako modeli ile ya mwanzo inapwaya, maana inachukulia magari yote yako sawa na yamepanga mstari mmoja, wakati kwetu bodaboda zinapenya pembeni na kipande kile cha mita 7.5 zinaenea kadhaa. Bajaji nayo inasimama pale abiria alipopunga mkono, kwa hiyo ukiita hiyo bahati nasibu unaficha sababu inayoonekana kwa macho. Halafu Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara ya Dar kule Somanga, Kilwa, magari yalikwama hata kama madereva wote wangekuwa malaika.

Ninachoogopa ni mkubwa fulani kuichukua modeli hii nusunusu aseme tatizo ni madereva, barabara ikaachwa ilivyo. Ila na wale wanaodhani kupanua lami kunamaliza kila kitu nao siwaungi mkono, kusita kutabaki palepale na magari yakijaa tena foleni hewa inarudi.

Modeli inarekebishika, wapo walioshaiongezea njia mbili, mwendo tofauti na vipande vidogo vya pikipiki. Kwa Mtwara mi ningeiwekea kwanza vituo vya bajaji, nijaribu kuvitoa nje ya lami niangalie foleni inapungua kiasi gani, kabla sijamgusa dereva yeyote.