Risasi kwenye vidonge vya mitishamba: "ni ya asili" haitoshi

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya vipimo vya dawa 193 za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, zilizonunuliwa kwenye intaneti. Karibu moja kati ya kila tano ilikuwa na metali zenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki, na zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na nafuu kuliko za India.

Watengenezaji wana utetezi wao, nao si wa kupuuzwa. Mizizi hunyonya kilichomo ardhini, ikiwemo kadimi, metali nyingine yenye sumu, na hata mchele tunaokula una aseniki kidogo. Anayetaka mmea usio na chembe yoyote ya metali hataupata. Tena gharama za maabara humlemea kwanza mzalishaji mdogo, hata kama ni mwaminifu.

Hapo nakubaliana nao. Ninapowaacha ni pale wanapohitimisha kwamba basi hakuna tatizo. Kinachodhuru ni kiasi kinachoingia mwilini kila siku, na hesabu yake si ngumu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 10 za risasi kwa kilo ya mitishamba. Unga uliofika kikomo hicho, ukimezwa gramu 3 kwa siku, unaleta mikrogramu 30. Miongozo ya ICH, baraza la kimataifa linalooanisha kanuni za dawa, inaruhusu mikrogramu 5 tu kwa siku kutoka kwenye dawa ya kumeza. Bidhaa inaweza kufaulu kwa kilo na kumzidishia mtumiaji mara sita.

Na risasi haitoki haraka. Hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi, kisha wakati wa ujauzito sehemu yake hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana siridhiki na ulinganisho wa mchele: chakula hatuwezi kukiacha, kidonge cha hiari tunaweza.

Zipo pia dawa za rasa shastra, tawi la Ayurveda, ambazo metali hutiwa humo makusudi. Wanaozitetea husema kuchomwa mara nyingi huondoa sumu. Huo ni mjadala mwingine, lakini mnunuzi ana haki ya kujua kabla hajameza.

Ninachokitaka ni kila fungu la dawa linalotengenezwa lipimwe, na lebo itaje mikrogramu za risasi kwa dozi ya siku nzima. Wazalishaji wadogo wanaweza kuchangiana gharama za maabara. Mzigo huo usihamishiwe kwenye figo za mteja.