Shika Kitabu Uone Utakavyotumwa

Ndugu zangu, jaribuni Jumamosi moja kukaa sebuleni kwenu mchana kweupe na kitabu mkononi. Sisemi simu. Kitabu. Halafu mje mniambie mmefika ukurasa wa ngapi.

Hapa kwetu Pasua, Moshi, baba akiinamia simu, watoto wanapita kwa kunyata. "Mwacheni, baba yuko bize." Anatazama mbuzi wakipigana TikTok, lakini yuko bize. Baba huyohuyo ashike kitabu, nyumba nzima inakumbuka kwamba bomba linavuja, kuku hawajapewa maji, na kuna shangazi Kibosho hajajuliwa hali tangu Pasaka. Kitabu mkononi maana yake mikono iko wazi.

Mwaka huu nimeapa sinunui kingine mpaka nimalize vilivyomo kabatini. Na nikisema kabati msije mkafikiria maktaba. Ni kabati la vyombo. Rafu za juu zina glasi tulizopewa zawadi ya harusi, hakuna binadamu aliyewahi kuzinywea, nadhani zinamsubiri askofu. Vitabu vyangu vimepewa hifadhi rafu ya chini, kwa masharti: wageni wakija, vinasukumwa nyuma na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, kama vile tunaficha bastola. Masika hii vimeota ukungu. Glasi hazijaota kitu.

Nikaanza na urithi wa marehemu mzee. Cha kwanza, kijitabu cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya 1973. Vijana hamuijui hiyo. Watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, halafu wakainuka wakaenda kuchimba choo. Watu kama milioni 2 nchi nzima! Hapo kwenye kuinuka ndipo ninapopaheshimu. Sisi mtaani tuna kundi la WhatsApp la usafi, lina katibu, lina mweka hazina, lina ujumbe wa asubuhi njema wenye picha ya waridi, na mfereji umeziba tangu mwaka juzi.

Basi nimesoma pale kwenye maji yaliyotuama na mbu, nikainua macho, nikaliona tairi la jirani uani limejaa maji, viluwiluwi vinaogelea. Nikamwendea kwa adabu, kitabu mkononi. Nikamsomea aya nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema, "Pole sana, mzee. Kumbe walikupunguza kazini?"

Cha pili kilikuwa cha kilimo cha kahawa, chenye mambo ya ugonjwa wa chulebuni, kutu ya majani na namna ya kupogoa. Kahawa yenyewe kihambani, shamba letu la ukoo, tumebakiwa na miche ya kuonyesha watoto, lakini nilikisoma chote kwa sababu ya pembeni. Mzee alikuwa anaweka hesabu zake pembeni mwa kurasa. Palipoandikwa namna ya kuchanganya dawa, yeye kaandika kwa penseli: "Kachukua madebe mawili. Kasema Jumatatu." Ukurasa wa mbele: "Jumatatu hakuja." Mbele zaidi, kwenye matandazo: "Kaniona sokoni, kapita njia nyingine." Jamani, nilishindwa kukiweka chini. Na aliyechukua hayo madebe ni baba mdogo, huyuhuyu ambaye kila Desemba tukikusanyika kihambani anasimama na kata ya pombe ya mbege mkononi kutuhubiria uaminifu. Mwaka huu naenda na kitabu.

Halafu nikafika kwa Mwalimu Nyerere, na hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Tanganyika imepata uhuru Desemba 1961. Tafsiri yake ya kwanza ya ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ikatoka 1963, mtu ni rais. Januari 1964 jeshi limeasi. Aprili, Muungano. 1967, Azimio la Arusha, benki zinataifishwa. Katikati ya yote hayo mzee yule akapata wasaa wa kuirudia tafsiri yake na kuisahihisha, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akaongeza Mabepari wa Venisi. Mimi siongozi hata nyumba kumi. Sina jeshi la kuasi. Ninachotakiwa ni kusoma tu, tena kazi ya kutafsiri ameshanifanyia. Lakini kwangu mimi Kaizari hajauawa mpaka leo. Yuko hai kabatini, mzima wa afya, maana kila akikaribia kuingia barazani kwa wale wenye visu, mama watoto anaita: "Baba watoto, hebu shika hapa nikamue nguo." Hivi Ikulu hakukuwa na mtu wa kumwambia rais chumvi imeisha?

Vitabu vya mafanikio sitaki hata kuvizungumzia, ila nitavizungumzia. Hivyo sikununua, analeta shemeji kila anapokuja kukopa. Anakuja na kitabu cha siri za utajiri, anaondoka na elfu hamsini. Nadhani katika ukoo mzima ndiye pekee aliyevielewa. Kimoja kinasema matajiri wote huamka saa kumi alfajiri. Ndugu mwandishi, karibu Pasua. Saa kumi na nusu adhana, saa kumi na moja na nusu kengele ya Walutheri, na hapo katikati jogoo wa jirani, asiye na dini, anajaza mapengo. Kama kuamka alfajiri kungeleta pesa, sisi ndio tungekuwa Shanty Town, kule kwa matajiri wa mji, na watu wa Shanty Town wangekuwa wanashuka huku kutuuzia mchicha.

Atlasi niliipata kwenye mitumba pale Memorial, ndani ya begi la shule, bila nyongeza ya bei. Nikaisoma jioni mbili kwa raha zangu. Humo Zaire bado ipo inapumua, na Babati iko Mkoa wa Arusha. Bahati mbaya kijana wangu wa darasa la sita akaifanyia kazi ya nyumbani, akarudi na alama nyekundu. Nikamweleza taratibu kwamba Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha 2002, atlasi ilichapwa kabla, kwa hiyo haina kosa, ila dunia ndiyo iliyohama. Akasema, "Sawa baba, basi andika hivyo, uweke na saini, nimpelekee mwalimu." Mtoto wa siku hizi! Angalau Mlima haukumwangusha: Kibo mita 5,895, Mkoa wa Kilimanjaro, upande wetu wa mpaka.

Sasa kilichoninyima usingizi ni riwaya ya upelelezi ya miaka ya sabini, imechakaa, jalada limeshikiliwa na gundi ya viatu. Mhasibu wa kampuni amekutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Wanaoshukiwa ni watatu: bosi wake, karani wa masijala, na daktari mmoja mwenye tabasamu lisilokwisha. Hiki nilikisoma kwa hila. Nilikisomea chooni. Nilikisomea ndani ya gari la jirani lililokufa injini. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu, na mama watoto akapita akasema, "Samahani, kumbe uko bize." Nikafika mahali mpelelezi amewakusanya wote chumbani, amewasha sigara, amesema, "Muuaji yumo humu humu." Nikafungua ukurasa. Jalada la nyuma.

Kurasa za mwisho zimechanwa!

Nikafanya upelelezi wangu. Watoto wakaapa si wao. Dada wa kazi akaapa. Mwishowe mdogo kabisa, ambaye hajajua kutunza siri, akasema, "Labda ni zile za karanga." Nikakumbuka. Kabla hajafungua genge, mama watoto alikuwa anakaanga karanga, anazifunga kwenye karatasi, anampelekea mama mmoja pale stendi. Yaani muuaji wangu alitoka nyumbani akiwa pakiti ya karanga, akapanda basi la Arusha, akatupwa dirishani pale Boma Ng'ombe.

Nikamwendea jikoni, nimenuna. Anachagua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Wewe ulizichana kurasa za kitabu changu?"

"Nilizichana."

"Unajua mle ndani kulikuwa na muuaji?"

"Namjua."

"Unamjua? Umemjuaje?"

"Baba watoto, mimi sifungi karanga za watu kwenye karatasi ambayo sijaisoma."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Nikamwita mama, nikamwita malkia, nikamwita na jina la ukoo wao. Akapepeta mchele, akapuliza pumba, akasema, "Gesi imeisha." Nikaubeba mtungi begani mpaka dukani, nikaurudisha umejaa. Akasema luku imebaki uniti mbili. Nikanunua luku. Akasema mahindi hayajaenda mashineni, nikayapeleka, nikapanga foleni na kina mama, nikarudi mweupe unga mpaka kwenye nyusi.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Mpaka leo asubuhi nimeambiwa jambo moja tu: si daktari.