Tatizo si akiba, ni nyumba
Makala yenu inasema vijana wana mali kidogo kuliko wazee kwa sababu hawajui kuweka akiba. Hapo hesabu imepinda. Kumlinganisha mtu wa miaka 30 na wa miaka 65 ni kulinganisha mche na mti uliokwisha kuzaa. Linganisheni rika kwa rika: huyu wa 65 alikuwa na nini alipokuwa na 30, baada ya kuondoa mfumuko wa bei? Kisha tazameni nyumba, maana ndiko pengo linakokua. Chukua, kwa mfano, nyumba yenye bei ya 100: mnunuzi anatoa 20 zake, 80 anakopa. Bei ikifika 150, akiuza na kulipa deni lote (hata tusipohesabu alichokwisha kurejesha) anabaki na 70, mara tatu na nusu ya alichotoa. Mpangaji aliyekuwa akidunduliza ile 20 ya kuanzia sasa anatakiwa awe na 30 ili anunue nyumba ileile, na kodi ya pango nayo imepanda. Huo si uvivu hata kidogo. Kinachonisikitisha zaidi ni wastani wa mali mlioutumia katika makala hiyo: wazee wachache matajiri huuvuta juu, na wazee wasio na nyumba wala pensheni wanafichika kabisa. Kuna aliyeona takwimu zinazotenganisha wenye nyumba na wapangaji ndani ya rika moja?