Kuchanika huko nyuma: mafuta ya kupaka au kisu?

Nenda famasi useme ukienda chooni unaumia na unaona damu, hujamaliza hata kuongea ushawekewa tyubu ya bawasiri mezani. Mimi hiyo tyubu niliipaka wiki tano. Maumivu yenyewe ni kama unapitisha vipande vya chupa, halafu ukishamaliza ndo shughuli inaanza, panavuta panachoma saa mbili tatu, kwenye daladala nakalia tako moja. Kuja kupimwa hakuna cha bawasiri, ni mchaniko tu wa njia ya haja kubwa, kidonda kama punje ya mchele pale upande wa nyuma unaoelekea uti wa mgongo, ambako ndiko karibu tisa kati ya kumi hutokea.

Kinachochanganya watu ni kile kinyama. Mchaniko ukikaa sana ngozi ya pembeni yake inavimba inaning'inia, mtu akijigusa anasema tayari, bawasiri. Wakati bawasiri ya ndani mara nyingi inatoa damu bila kuuma, kwenye mchaniko damu ni matone kwenye tishu au maji ya kutawazia ila maumivu sasa, we acha.

Na hakiponi kirahisi kwa sababu ya msuli. Njia ile inafungwa na misuli miwili, wa nje unaubana mwenyewe ukitaka, wa ndani unajibana wenyewe huuamrishi. Ukichanika ule wa ndani unakaza, ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda kisichopata damu hakifungi. Wewe nawe kwa uoga unajizuia siku mbili tatu, choo kinakauka kinakuwa jiwe, siku kikitoka kinachana palepale.

Kwa hiyo mabishano yote ya tiba ni moja tu: huo msuli tuulegeze kwa dawa au tuukate kidogo?

Wa upande wa dawa wana hoja. Mchaniko mpya, chini ya wiki sita hivi, mwingi unafunga kwa kulainisha choo tu: maji ya kutosha, dona badala ya sembe, maharage, mchicha, papai, maganda ya ispaghula (nyuzinyuzi za kunywa na maji) au laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo), na kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano. Ukigoma ndo yanakuja mafuta ya nitrogliserini au diltiazemu, yanalegeza msuli damu ipite. Hakuna kinachokatwa, ukiacha dawa msuli unarudi ulivyokuwa. Lakini yanaponya kama nusu tu ya waliokaa na tatizo muda mrefu, na wengine kinarudi. Nitrogliserini inaumiza kichwa mpaka watu wanaitupa wiki ya pili, na kama unatumia vidonge vya nguvu za kiume usiiguse kabisa, presha inaweza kushuka vibaya (hili wanaume hawamwambii dokta, ndo maana nalisema). Botoksi nayo ipo, sindano inayolegeza msuli kwa miezi kadhaa, sema bei yake si ya kila mtu.

Wa upande wa kisu nao wana namba. Oparesheni ya kukata sehemu ndogo ya msuli wa ndani inaponya zaidi ya tisa kati ya kumi, ni ya muda mfupi na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hofu ya watu ni kuvuja, yaani kushindwa kuzuia choo au upepo, na hofu hiyo haikutoka hewani. Zamani walikuwa wanapanua njia kwa vidole kwa nguvu, msuli unachanika ovyo. Daktari Eisenhammer wa Johannesburg akaandika mwaka 1951 kuhusu kukata kwa mpango, mwanzoni wakikata katikati kwa nyuma panabaki mfereji unaovujisha, baadaye wakahamia ubavuni na hapo mambo yakawa nafuu sana. Nafuu lakini si sifuri, wapo wanaoshindwa kuzuia upepo, wengi kwa muda, wachache moja kwa moja. Na msuli uliokatwa haurudishwi.

Mimi naona anayekimbilia kisu wiki ya tatu ana haraka, na anayepaka mafuta mwaka mzima anajitesa bure. Wiki sita mpaka nane za mafuta yanayostahili, siyo ya bawasiri, zisipofanya kitu kisu kina haki yake. Ila mama aliyewahi kuchanika vibaya akijifungua apimwe msuli kwanza, wake unaweza kuwa ushalegea tayari. Na mchaniko uliokaa ubavuni, au upo zaidi ya mmoja, au hauumi, hapo tusibishane dawa wala kisu, inatafutwa kwanza TB, VVU, kaswende au ugonjwa wa utumbo.

Mimi nilipona kwa mafuta wiki ya saba. Kaka yangu hakupona, alikatwa mwezi wa tano, siku ya nne akanipigia simu akiwa chooni kabisa, anacheka. Upepo ulimtoka bila taarifa kama wiki tatu hivi, sebuleni akawa anamsingizia mtoto.