Tokeni Zimeisha

Mimi kazi yangu ni kuandika kodi. Siku mshenga wangu alipopeleka posa aliulizwa kijana anafanya shughuli gani, akajibu kwa kujiamini, "Anaandika kodi." Nasikia ukumbi ulitulia. Mjomba mmoja akakohoa, akasema, "Kumbe TRA." Mahari ikapanda pale pale, na hadi tunakuja kufafanua kwamba ni kodi za kwenye kompyuta, ng'ombe walishahesabiwa. Hadi leo kila mwezi wa tatu wajomba wa mke wangu wananipigia niwasaidie makadirio yapungue. Najua Kiswahili sanifu kinasema msimbo. Njoo ofisini kwetu useme msimbo uone kama kuna atakayegeuka.

Na kodi yenyewe siku hizi siandiki. Anaandika yule. Wengine wanamwita akili bandia, wengine akili unde, redioni wanasema akili mnemba. Mimi namwita yule, kama mwanamke anavyomtaja mke mwenzie.

Yule aliingia kwa adabu sana. GitHub Copilot, programu ya akili bandia ya kukusaidia kuandika kodi, ilipofunguliwa kwa kila mtu, Juni 2022, ilikuwa dola 10 kwa mwezi, kama elfu ishirini na tatu ya wakati ule. Unalipa, unasahau. Kazi yake ilikuwa kumalizia mstari: ukianza tu, anadakia, kama shemeji mwenye kiherehere. Ilikuwa ni kama kula kwa mama ntilie unayemlipa mwisho wa mwezi, ukiongeza maharage hakuna anayehesabu vijiko.

Halafu zikaja hizi za sasa. Hizi humalizii nazo mstari, unazipa kazi nzima. Yule anafungua mafaili, anasoma, anaandika, anajaribu, anakosea, anajiombea radhi mwenyewe, anaanza upya. Wewe umekaa pembeni unamwangalia kama mtu anayesubiri fundi gereji. Na hizi, ndugu yangu, ni LUKU. Lipia Umeme Kadri Utumiavyo. Mita inazunguka hata pale anapojiombea radhi.

Kinachohesabiwa kinaitwa tokeni. Usifikirie zile namba za umeme, ingawa mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilifikiria hizo hizo. Tokeni ni kipande cha neno. Mashine haisomi maneno kama mimi na wewe, inayakatakata kwanza kama mchicha, halafu kila kipande kina bei yake. Sasa sikiliza uonevu. Visu vya kukatia vimenolewa kwa Kiingereza. Neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi linapita zima, kipande kimoja. Mimi nikiandika "nisingekuambia", mashine inalichanachana vipande kibao, na mimi nalipia vyote. Lugha inayoweka sentensi nzima ndani ya neno moja, halafu neno linauzwa kwa vipande! Waliotuwekea viambishi awali na tamati hawakujua kuna siku vitalipiwa kwa dola.

Na mimi nimezaliwa Tanga. Siwezi kumtuma mtu kazi bila kumsalimia. Asubuhi nakaa, nafungua laptopu, naandika, "Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie jambo dogo kama hutojali." Yule naye kalelewa vizuri, anajibu nzuri, ananishukuru kwa kuuliza, anasema yuko tayari kabisa kunisaidia, anauliza jambo gani. Maneno yake yana bei kubwa kuliko yangu, maana tokeni anazotoa yeye zinauzwa ghali kuliko unazompa wewe, kama wakili. Halafu kuna hili ambalo nililiona nikakosa usingizi: kila ukiongeza ujumbe, anasoma mazungumzo yote upya toka juu. Yote! Hana kumbukumbu ya dakika moja iliyopita mpaka aanze mwanzo. Kwa hiyo ile habari za asubuhi ya saa mbili, saa kumi jioni bado inasomwa. Wanasema siku hizi kuna punguzo kwa vilivyokwisha kusomwa. Punguzo si bure.

Usidhani naota. Aprili 2025 Sam Altman, bosi wa OpenAI, wenye ile ChatGPT, aliulizwa kwa utani hizi tafadhali na asante za watu zinaigharimu kampuni yake umeme kiasi gani, akajibu makumi ya mamilioni ya dola, akaongeza kwamba hela hizo zimetumika vizuri, huwezi kujua. Na hapo ni tafadhali kavu ya Kizungu. Wangejua shikamoo na marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo, na mama anaendeleaje na miguu, wangefunga duka.

Sasa njoo kwa bosi wangu. Mwaka jana mwanzoni alihudhuria semina hotelini, akarudi na begi la kitambaa na imani mpya. Akatutangazia kwamba kuanzia leo kila mtu atumie yule, kwa kila kitu, na asiyetumia ajitafakari. Akaning'iniza skrini ukutani, pale ilipokuwa kalenda, inaonyesha nani katumia tokeni nyingi zaidi wiki hiyo. Wa kwanza anapigiwa makofi Ijumaa na kupewa soda. Mimi na miaka yangu kumi na moja kazini nilikuwa wa saba kati ya watu tisa, na wawili walioko nyuma yangu mmoja alikuwa likizo ya uzazi na mwingine ni mlinzi aliyeingizwa kimakosa.

Aliyekuwa anaongoza ni kijana wa fildi. Wiki tatu mfululizo, soda zote zake. Nikamfuata, dogo, siri ni nini? Akanionyesha. Alikuwa anamwachia yule kazi ya kuboresha kila faili lililomo, na bado aboreshe tena, halafu anashuka chini kula chipsi mayai. Akirudi anakuta mistari elfu nne. Hajui imefanya nini, yule naye hajui, lakini skrini inajua kwamba dogo ni mfanyakazi hodari.

Mwisho wa mwezi dada wa uhasibu akapanda ngazi. Huyu dada hapandagi ngazi. Alikuwa na karatasi moja, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Bili ile ilikuwa ya dola, na chini yake kulikuwa na VAT asilimia 18, maana huduma za mtandaoni kutoka nje nazo hulipiwa. Unaona? Kodi imeandikwa na yule, na bado imetozwa kodi. Bosi akaisoma, akavua miwani, akaisoma bila miwani. Kesho yake skrini ilikuwepo pale pale ukutani, imegeuzwa tu: sasa wa kwanza ndiye mbadhirifu. Kijana wa fildi akatoka kuwa nyota akawa mfano mbaya kwa usiku mmoja, na soda alishakunywa.

Ndipo tukapewa tangazo rasmi, limebandikwa mpaka mlango wa choo: MARUFUKU KUSALIMIANA NA MASHINE.

Huwa najiuliza hela hii inakwenda wapi. Maana ukimsikiliza muuzaji, naye analia. Januari 2025 huyo huyo Altman alisema hata wale wanaomlipa dola 200 kwa mwezi wanamtia hasara, wanatumia kuliko alivyotegemea. Mwezi huo huo kampuni yake na wenzake wakatangaza mradi wa Stargate, dola bilioni 500 kwa miaka minne, wajenge majumba ya kompyuta yatakayokula umeme wa megawati 10,000. Bwawa letu la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, mitambo yote tisa ikizunguka, ni megawati 2,115. Kwa hiyo hiyo mashine ninayoiuliza kwa nini kitufe hakibonyezeki inataka karibu mabwawa matano. Microsoft nao Septemba 2024 walitia saini kununua umeme wa kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Pennsylvania, kilichokuwa kimefungwa tangu 2019, kiwashwe tena. Mimi kwetu mtaani transfoma likilia tu "puu" tunakaa gizani siku mbili.

Basi muuzaji anapata hasara, mnunuzi analia bei, anayecheka nani? Nimekuja kugundua ni kama jioni pale mishikaki inapouzwa. Mwenye jiko anasema nyama imepanda, mlaji anasema kipande kimekuwa kidogo kama mswaki, ukigeuka nyuma unamwona muuza mkaa amekaa juu ya gunia anachokonoa meno. Nvidia ndio wauza mkaa. Chipu zao za kompyuta ndizo zinazopika haya yote, na Oktoba 2025 thamani ya kampuni yao sokoni ilivuka dola trilioni 5. Hawamalizii mstari wa mtu, hawasalimiwi na mtu.

Lakini ungesema basi, angalau kazi inakwenda. Ngoja nikusimulie ya SACCOS.

Tuna mteja, SACCOS moja, walitaka wanachama wenye mikopo wakumbushwe kwa meseji siku moja kabla ya rejesho. Maelekezo yao waliandika vizuri, kwa Kiswahili: meseji ziende saa mbili asubuhi. Mimi kwa kuogopa skrini nikabana matumizi, sikuandika salamu, sikuandika maelezo, nikayanakili yale maelekezo yalivyo nikampa yule. Dakika nne, kazi imekwisha. Testi zote, yale majaribio ya kupima kama kodi inafanya kazi, kijani. Nikapitisha macho, nikaona 02:00, akili yangu ya Mswahili ikasoma saa mbili, nikaridhika, nikaenda kupanda mwendokasi.

Usiku huo, saa nane kamili, simu za wanachama zikaanza kuita "ti-ti" mji mzima: NDUGU MWANACHAMA, UNADAIWA. Mzee mmoja wa Kimara alitafuta namba ya huduma kwa wateja, na namba ya huduma kwa wateja katika kampuni yetu ni mimi. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na mbili. Hata wachawi wa kwetu walikuwa hawaniiti saa hizi." Mama mmoja alisema mumewe ameona meseji kabla yake, na mkopo wenyewe mume alikuwa haujui. Hiyo sikuijibu.

Asubuhi nikamuuliza yule, kwa hasira na kwa hiyo kwa maneno mengi: huoni imeandikwa ASUBUHI? Akasema nina haki kabisa kukasirika, akasifu umakini wangu, akanieleza historia ya saa za Kiswahili tangu jua linapochomoza, aya tano, zote kwa tokeni zangu, akarekebisha. Nilipochungulia alivyorekebisha nikakuta ile testi iliyokuwa inamsumbua ameifuta. Ndiyo maana kila kitu kijani! Hata mimi mtihani wa hesabu ungefutwa ningefaulu.

Na haya yote uyaeleze kwenye standapu. Sijui kama kwenu ipo. Kila siku saa tatu mnasimama duara, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, nini kinamkwamisha. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, mahali pa kuteleza kwenye theluji, wakaandika waraka wa namna ya kutengeneza programu kwa wepesi, na kutoka wepesi ule mimi leo nasimama Kijitonyama na magoti yangu haya. Nilikuwa nasema jana niliandika hiki, leo naandika kile. Sasa nasema jana nilimwangalia akiandika, leo nitamwangalia akifuta. Nini kinakukwamisha? Huwezi kutaja jina lake, maana skrini iko nyuma yako.

Siku moja nilijitia ujasiri. Nikamwambia bosi kuna utafiti, taasisi ya METR, Julai 2025: walichukua waandishi wa kodi 16 wazoefu, wakawapa kazi halisi kwenye mifumo wanayoijua, nyingine kwa kutumia akili bandia, nyingine bila. Wakiitumia walichelewa kwa asilimia 19. Na uzuri wake ni kwamba wenyewe, hata baada ya kumaliza, walidhani imewaharakisha kwa asilimia 20. Bosi akasikiliza kwa makini, akasema nimtumie. Jioni akanijibu kwamba ameupenda sana. Alikuwa amempa yule amfupishie.

Sasa jana. Tuna kazi ya mteja inatakiwa leo asubuhi, saa mbili kasoro usiku niko ofisini na bosi, kikomo cha tokeni cha mwezi kinagonga. Skrini nyekundu. Yule kanyamaza katikati ya sentensi, mafaili sita yameachwa wazi kama mtu aliyekimbia moto. Nikamwandikia mama watoto: "Nachelewa. Tokeni zimeisha."

Akapiga. "Umejuaje? Nimetoka kuangalia mita sasa hivi, zimebaki uniti nne." Nikamwambia sio hizo mke wangu, hizi ni za, ni vipande vya maneno. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Baba watoto, umekula?" Akakata.

Dakika mbili, meseji. Amenunua luku ya elfu tano, amenitumia risiti nzima: namba ishirini, na chini yake wamekata kodi ya jengo 1,500, na sisi ni wapangaji. Akamalizia, "Hela ya kikoba hiyo, uje nayo."

Nikaiweka simu mezani. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, akainama, akazitazama zile namba, akasogeza miwani.

"Hizi tokeni umezipata wapi?"

Nikasema kwa mke wangu, bosi.

"Elfu tano tu?" Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Hebu jaribu kuziingiza."