Mashine imemsifu mpwa wangu, mimi ndo nikaonekana mbaya

Besdei ya shangazi, ndugu kibao wako mbali, nikapewa kazi ya kurusha laivu. Nikatangaza mapema: hakuna nyimbo za mastaa, mtandao utatukata sauti kwa ajili ya hakimiliki. DJ akanuna, eti ukumbi umelipia leseni ya muziki. Sawa kaka, ila leseni ile ni ya waliomo ukumbini, huko mtandaoni ni habari nyingine.

Binamu yangu mjuaji akadakia eti hata Happy Birthday inalipiwa! Mishumaa inawaka, nta inadondokea keki, sisi tunabishana sheria. Nikamwambia hizo za zamani bana, kweli kampuni moja Marekani ilitoza watu hela miaka na miaka, lakini 2015 jaji akasema haina haki halali ya yale maneno, na tuni yenyewe ilichapishwa tangu 1893. Shangazi akauliza, "Mnaimba au nizime?" Tukaimba.

Halafu mpwa wangu akakaa kwenye piano apige Beethoven. Hapo nikatulia kabisa, mzee kafa 1827, nani atadai? Mtoto akapiga anavyopigaga, vidole vinajikwaa, anarudi mwanzo, kuna sehemu kasimama kajikuna pua ndo kaendelea.

Kesho yake nakuta sauti ya kipande hicho imezimwa, eti ni rekodi ya kampuni fulani ya muziki. Yaani mashine ya mtandao inayokagua nyimbo imemsikia yule mtoto ikaona huyu ni mpiga piano wa kimataifa! Maana utunzi wa Beethoven ni wa wote, ila aliyeupiga akaurekodi juzi ana haki kwenye rekodi yake, sasa mashine inalinganisha sauti tu, noti zikifanana inakuvaa.

Nikaanza kujaza pingamizi: mpigaji ni mtoto, noti kakosea, ushahidi ni pale anapojikuna pua. Dada yangu anasoma begani kwangu. "Kwani lazima uandike kapiga vibaya?" Sasa dada, ndo utetezi wenyewe huo! Kumbe shangazi keshatuma kwenye grupu la familia kwamba mtoto wetu kafananishwa na wakubwa, watu wanamwaga pongezi, babu kaomba apigiwe simu.

Nikatuma hivyo hivyo. Dai likaondolewa, sauti ikarudi, ukoo mzima ukasikia mtoto alivyopiga kweli, na dada ananiuliza kama naweza kuwaandikia wale watu walirudishe.